Kitalu cha miche ya kuni kwa ardhi ya kifusi: tathmini yangu baada ya mavuno ya kwanza

Kabla ya kuniuzia mche hata mmoja, watu wa kitalu hiki walichimba mashimo sita kwenye eneo langu, machimbo ya zamani yaliyofukiwa kifusi. Kila shimo, jembe liligota kwenye sentimita 30. Mashine zilizosawazisha kifusi zilikuwa zimekishindilia kikawa sakafu. Wakanikataza kupanda mpaka ardhi ichanwe kwa jino la tingatinga, sentimita 60 kwenda chini, tena ikiwa kavu ili ipasuke. Hapo ndipo pesa yangu nyingi ilipokwenda, na sijutii. Kona moja tingatinga halikuweza kugeuka. Mivinje ya pale bado inanifika kifuani, ilhali wenzake nimeshawavuna.

Tulipanda mivinje na mikaratusi kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, yaani miche 2,500 kwa hekta. Mivinje ilikuja na vinundu mizizini, kwa sababu kitalu huchanganya kwenye viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, udongo wa chini ya mivinje mikongwe. Humo mna bakteria wa Frankia, wanaoupatia mti naitrojeni kutoka hewani, na kifusi ni maskini wa naitrojeni. Mikaratusi haina msaada huo, ikanijia njano mwaka wa kwanza mpaka nilipotia samadi. Ila ukiikata huchipua kisikini, kwa hiyo vuno la pili halidai mche mpya. Mvinje huchipua kwa shida.

Nina malalamiko mawili. Shehena moja ya mikaratusi ilikuwa imekaa kitaluni kupita kiasi na mizizi imejiviringisha ndani ya kiriba. Miti kadhaa iliangushwa na upepo. Walinibadilishia bila ubishi, lakini msimu ulikwisha kupotea. Pia waliniambia palizi moja inatosha. Nilipalilia mara tatu, na bado nyasi zilinimalizia mstari mzima.

Ushauri wao wa kuni, hata hivyo, ni wa dhahabu. Kuni mbichi karibu nusu yake ni maji: kilo moja hutoa takriban megajuli 8 za joto, wakati iliyokauka kabisa hutoa kama 18. Nilipanga zangu juu ya magogo, zikapigwa na upepo miezi kadhaa, na tanuri likabadilika moshi na moto.

Nitaagiza kwao tena. Safari hii nitapasua viriba vichache mwenyewe kabla lori halijashushwa.