Umechoka na Ubuntu? Chaguo zako, kuanzia ile ya kufikiria kwanza

Linux haiuzwi, lakini kuhama distro moja (mfumo kamili uliojengwa juu ya Linux, kama Ubuntu) kwenda nyingine kuna bei yake. Unalipa kwa bando, maana faili la kusakinishia ni zito na masasisho yanayofuata ni mazito zaidi. Unalipa kwa muda wa kurudisha programu na mipangilio yako. Usipokuwa makini unalipa kwa faili ambazo hutaziona tena. Kwa hiyo nimezipanga chaguo hizi kama mtu anavyopanga friji za kununua: unapata nini, unatoa nini, na ipi itangulie.

Ninayemwandikia anatumia Ubuntu ya LTS, yaani toleo linalohudumiwa kwa miaka mingi, kwenye laptopu iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya kabla ya kufika dukani kwetu, EliteBook au ThinkPad yenye RAM ya GB 8. Kazi zake ni za ofisi, masomo au kuandika programu, na intaneti yake ni ya kununua kwa bando. Mwenye faiba nyumbani au kompyuta ya michezo ana haki ya kupanga tofauti na mimi.

Nafasi ya kwanza: baki ulipo, utibu kinachokukera

Naiweka juu kwa sababu malalamiko mengi dhidi ya Ubuntu yana dawa isiyohitaji kufomati diski. Swali la kujiuliza ni moja: ni kitu gani hasa kinanikera? Kitaje kwa jina. "Imekuwa nzito" bado si jibu.

Kama kinachokukera ni Firefox kuchelewa kufunguka, mara nyingi chanzo ni Snap, mfumo wa Ubuntu wa kufunga na kusambaza programu. Tangu Ubuntu 22.04, ukiomba Firefox kwa apt, amri ya kawaida ya kusakinisha programu, unaletewa ya Snap, iliyofungwa pamoja na maktaba zake zote, na kwenye diski ya kuzunguka ufunguzi wa kwanza baada ya kuwasha mashine unachosha. Tangu mwaka 2024 Mozilla wenyewe wana ghala la apt lenye Firefox ya .deb (pakeji ya kawaida, isiyo ya Snap) kwa toleo la kawaida. Ongeza ghala hilo, lipe kipaumbele juu ya la Ubuntu kama maelekezo yao yanavyosema, na umemaliza. Hatua ya kipaumbele usiiruke, la sivyo sasisho linalofuata litakurudishia Snap.

Kama ni uzito wa mashine nzima, angalia diski kabla ya kulaumu distro. Laptopu ya miaka minane yenye SSD, diski isiyozunguka, inafanya kazi vizuri kuliko ile ile yenye diski ya kuzunguka na distro nyepesi kuliko zote. Ukishaweka SSD na bado GNOME, eneo-kazi (desktop) la kawaida la Ubuntu, inakulemea, sakinisha Xfce, eneo-kazi jepesi zaidi, juu ya Ubuntu uliyonayo. Pakeji ya xubuntu-core inatosha. Kwenye skrini ya kuingilia unachagua eneo-kazi unalotaka, na faili zako zinabaki palepale.

Kama ni toleo lako kupitwa na wakati, hiyo nayo si sababu ya kuhama. Ubuntu 20.04 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Mei 2025, na wanaoitumia hadi leo ni wengi. Unapanda kwenda 22.04, kisha 24.04, ngazi moja kwa wakati, huwezi kuruka. Asiyeweza kupanda sasa ajiandikishe Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi kompyuta tano na inarefusha masasisho ya usalama kufikia miaka kumi tangu toleo lilipotoka.

Kuna sababu moja ambayo dawa hizi haziigusi, nami naiheshimu. Duka la Snap linaendeshwa na Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, peke yao, na programu ya seva yake si huria. Mtu aliyeingia Linux kwa ajili ya uhuru akisema hilo linamkosesha raha, simwambii avumilie. Huyo ahame.

Nafasi ya pili: Linux Mint

Kwa anayehama kweli, hapa ndipo ninapomwelekeza kwanza. Mint ya kawaida imejengwa juu ya Ubuntu LTS. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limesimama juu ya Ubuntu 24.04 na litahudumiwa hadi 2029. Maana yake, apt unayoijua ndiyo hiyohiyo, faili za .deb zinaingia vilevile, na maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu yanafaa bila kubadilishwa. Kati ya kuhama kote, huku ndiko kunakokudai kujifunza kidogo kuliko kwingine.

Snap imezuiwa tangu Mint 20, mwaka 2020, na Firefox inakuja kama pakeji ya kawaida. Timeshift imo tangu mwanzo. Hii hupiga picha ya mfumo, na sasisho likiharibu kitu unarudi ulipokuwa jana. Iwashe siku ileile ya kusakinisha, na ikiwezekana picha zikae kwenye diski nyingine. Kumbuka kwamba kwa kawaida Timeshift hailindi nyaraka zako, inalinda mfumo tu.

Chagua eneo-kazi la Cinnamon kama RAM ni GB 8, Xfce kama ni 4. Anayetoka Windows anaiona menyu ya Cinnamon chini kushoto, pale alipoizoea. Ninapomwekea Linux mtu mzima asiyetaka kujifunza kompyuta upya, huwa sitafuti zaidi ya hapo. Faili la kusakinishia linakaribia GB 3, wakati la Ubuntu 24.04 linakaribia 6. Kwa mwenye bando la kupima, tofauti hiyo inaonekana mfukoni.

Udhaifu wake ni vifaa vipya sana. Laptopu iliyotoka kiwandani mwaka huu inaweza kuwa na kadi ya Wi-Fi ambayo kerneli ya Mint, yaani kiini cha mfumo, haijaifahamu. Kwenye mashine zilizokwisha kutumika, tatizo hilo hulioni.

Nafasi ya tatu: Debian

Ubuntu yenyewe imezaliwa humu. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, haimilikiwi na kampuni, na maamuzi yake makubwa hupigiwa kura na wanachama. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025, na kila toleo hupata takriban miaka mitano ya masasisho ukijumlisha kipindi cha LTS. Sijui distro inayokaa kimya kama hii. Unaiweka, unafanya kazi yako, unasahau ipo.

Sifa mbaya ya kutotambua Wi-Fi imepitwa na wakati. Tangu Debian 12, ya Juni 2023, faili za kuwezesha vifaa ambazo si huria zimo ndani ya kisakinishi. Kinachowakwaza wageni siku hizi ni nywila ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiiandika wakati wa kusakinisha, jina lako haliingizwi kwenye kundi la sudo, la wanaoruhusiwa kutoa amri za msimamizi, na amri ya kwanza utakayojaribu itakukataa. Acha nafasi hiyo tupu, utapata sudo kama ulivyozoea Ubuntu.

Kwa nini basi iwe ya tatu? Kwa sababu programu zake hazisogei. LibreOffice uliyoikuta ndiyo utakayokaa nayo kwa takriban miaka miwili, ikirekebishwa makosa bila kuongezewa vipengele vipya, na Firefox yake ni ya ESR, toleo linalobadilika polepole. Unaweza kuchukua mpya kwa Flatpak, mfumo mwingine wa kusambaza programu, lakini Flatpak hula bando. Na mwenye mashine ya biti 32 asije huku tena, maana Debian 13 haina kisakinishi chake.

Nafasi ya nne: Fedora

Fedora ni nzuri, tena sana. GNOME safi, kerneli mpya, na laptopu ya kisasa ambayo Mint inaishangaa, Fedora huwa imeshaijua. Ninaishusha kwa sababu moja tu: toleo jipya kila miezi sita, na kila moja huhudumiwa takriban miezi kumi na mitatu. Kwa hiyo angalau mara moja kwa mwaka utapakua karibu mfumo mzima upya, na katikati masasisho hayakauki. Utajifunza dnf badala ya apt, na faili zako za .deb hazitakuwa na kazi. Baadhi ya kodeki, programu za kufungulia video, utazifuata kwenye ghala la RPM Fusion. Mwenye intaneti ya uhakika na laptopu mpya aipandishe hadi nafasi ya pili, sitabishana naye.

Arch, distro nyingine maarufu, siipangi. Masasisho yake hayana matoleo, yanatiririka muda wote, na mwenye bando atajikuta anaahirisha hadi siku atakayosasisha kila kitu kwa mkupuo na kitu kivunjike. Lakini wiki yao ya maelezo isome, distro yoyote utakayotumia.

Mwenye seva asiifuate orodha hii. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, distro ya seva, itakoma mwisho wa 2021, wakati watu walikuwa wameitegemea hadi 2029. Wakahamia AlmaLinux na Rocky Linux kwa haraka ambayo hawakuipanga. Kwenye seva, jiulize kwanza nani anailipia kazi ya distro hiyo na ameahidi nini.

Kabla ya kubofya kitufe cha kufuta diski

Iwashe distro mpya kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa, kisha funga mfuniko wa laptopu uone kama inalala na kuamka. Kisichofanya kazi hapo usitarajie kijitengeneze chenyewe baadaye. Kabla ya hapo linganisha sha256 (namba ya kuhakiki faili) ya faili ulilopakua na ile iliyoandikwa kwenye tovuti yao. Kwa intaneti ya kukatikakatika, faili bovu ni jambo la kawaida.

Bakapu ndiyo inayowaumiza watu. Kunakili folda ya Nyaraka hakutoshi. Chukua folda yako yote ya nyumbani pamoja na zilizofichwa: .ssh, .config, .thunderbird. Kama ulitumia Firefox ya Snap, nywila na alamisho zako haziko kwenye .mozilla ya kawaida, ziko ndani ya snap/firefox/common. Wengi huligundua hili wakiwa wameshafuta. Tena, ukihamia Debian, Firefox ya ESR itakataa wasifu (profile) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, hivyo hamisha nywila na alamisho kwenye faili zake mapema. Hifadhidata za MySQL na PostgreSQL hazikai nyumbani, zinakaa /var/lib, na zinatolewa kwa mysqldump au pg_dump wakati mfumo wa zamani bado unawaka. Malizia kwa apt-mark showmanual, upate orodha ya programu ulizoweka mwenyewe.

Na kama unaweza kupata SSD ya pili, hata ndogo, ichomeke mahali pa ile iliyopo na usakinishe distro mpya humo. Ile ya zamani iandike tarehe, uiweke kabatini. Usiifute mpaka umemaliza mwezi mzima wa kazi halisi kwenye mpya, ukiwa umeshachapisha barua, umeshafanya mkutano wa video na umeshafungua lile jedwali la mahesabu unalolihitaji mwisho wa mwezi.