Kupaka nta mabuti ya mlima kwa fundi wa Kiboriloni

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro, na masika ndiyo yanayonimalizia mabuti. Machi mpaka Mei njia ya Machame kule msituni ni tope tupu. Mguu ukilowa siku ya kwanza, kwenye hema hakuna pa kuukausha. Utatembea nao hivyohivyo, unyevu ukiwa baridi zaidi kila unapopanda.

Mwaka jana nililipia duka moja mjini wanipakie nta. Mabuti yalirudi yanang'aa, nikaridhika. Kabla sijafika kambi ya Shira, soksi zilikuwa za kukamua. Nyumbani nilikwangua kwa ukucha pale ngozi inapokutana na soli, na chini ya ule mng'ao nikakuta vumbi jeusi la mlima, lile la mteremko wa changarawe kutoka Stella Point kule juu karibu na kilele, limekaa vilevile kama nililoshuka nalo. Walipaka juu ya uchafu. Nta ilishika vumbi badala ya ngozi, na vumbi lilipobanduka maji yakapata mlango. Iliniuma, kwa sababu nililipa pesa nzuri.

Aprili hii wagumu wenzangu, yaani sisi tunaofanya kazi mlimani, wakanielekeza kwa fundi mmoja sokoni Kiboriloni, hapa Moshi, upande wa viatu vya mitumba. Ni mzee, ana kibanda cha mabati, benchi na jiko dogo la mkaa. Jozi moja ni shilingi 10,000 na unayaacha siku mbili. Nilipomwamkia nikamwomba anipakie tu haraka maana nilikuwa na safari Jumatatu. Akayageuza, akayanusa, akasema, "Mwanangu, leo hapa hakuna nta. Leo ni kuosha."

Nikakaa kumtazama. Alitoa kamba kwanza, akauvuta ulimi wa kiatu nje kabisa. Kisha akachukua kipande cha spoku ya baiskeli kilichosuguliwa ncha ikawa butu, akapita nacho polepole kwenye mshono wote unaozunguka soli. Tope lilitoka likiwa gumu kama vipande vya kigae. Baada ya hapo ukaja mswaki na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya mche. Alirudia mpaka maji ya kusuuzia yakabaki meupe. Nilihesabu beseni nne. Pale kidole gumba kinapokunja ngozi alikaa zaidi kuliko sehemu nyingine zote, akiupinda mkunjo kwa mkono mmoja na kusugua kwa mwingine. Ngozi hupasuka hapohapo, kwa sababu chembe za changarawe zinaikata kila unapopiga hatua.

Akayajaza magazeti na kuyaweka kivulini. Hataki jua kali, hataki moto. Nimewaona wengi kambini wakianika mabuti karibu na jiko, halafu wanashangaa ngozi imekakamaa na soli imeachia gundi.

Siku ya pili ndiyo nta, na ilichukua muda mfupi. Anatumia nta ya nyuki aliyoiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, na matone ya mafuta ili isiwe ngumu ikipoa. Anapaka kwa kidole, safu nyembamba, kwenye mishono mara mbili, kisha anafuta inayobaki kwa kitambaa. Kabla sijalipa alinimwagia kikombe cha maji juu ya buti. Maji yakaviringika kama kwenye jani la gimbi.

Atakukatalia baadhi ya viatu, na mimi namheshimu kwa hilo. Viatu vya kitambaa vyenye utando wa ndani hapaki nta, kwa sababu jasho litakosa pa kutokea. Ngozi ya manyoyamanyoya (suede) anakuonya kwanza kwamba itakuwa nyeusi na haitarudi rangi yake. Na anabonyeza soli kwa dole gumba. Ule mpira mwepesi wa katikati huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini, kwa hiyo buti la mtumba linaloonekana jipya linaweza kubomoka safarini. Nimeshafunga soli ya mgeni kwa kamba ya hema, najua anachosema.

Safari ilikuwa ya siku saba. Msituni mvua ilitupiga tangu getini, miguu ikabaki mikavu. Juu, karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895, theluji ilikuwa ngumu alfajiri, lakini jua lilipopanda ikawa chapachapa na kunata, na hiyo ndiyo inayopenya kuliko mvua. Haikupenya. Siku ya mwisho, kwenye tope la njia ya kushukia ya Mweka, buti la kulia lilianza kuwa na unyevu kuzunguka ulimi. Kidole cha mguu kilikuwa bado kikavu. Kwa safari moja ya masika hiyo nta inatosha. Ya pili lazima urudi upakwe tena.

Kasoro ni zile siku mbili, na simu yake haipatikani mara kwa mara. Usiende Jumapili, hayupo. Ijumaa nampelekea mabuti ya mdogo wangu, aliyeanza ugumu mwaka huu na bado anayasafisha kwa kuyagonga ukutani.