Conan wa Jim Zub: matoleo manne ya kwanza ya Titan

Mwandishi Jim Zub alikabidhiwa Conan, shujaa mshenzi mwenye upanga wa vitabu vya katuni, mwaka 2020, pale kampuni ya Marvel, kuanzia toleo la 13, baada ya Jason Aaron kumaliza matoleo yake 12. Alimpeleka Conan mashariki ya mbali akamtia katika shindano la mitego. Kazi ilikuwa safi, lakini mitego ilisisimua kuliko mtu aliyenaswa ndani yake. Mwaka 2023 Conan alihamia kwa mchapishaji Titan, Zub akaendelea kuandika, na hapo ndipo hadithi ilipopata mwendo. Matoleo 1 hadi 4, yaliyokusanywa kwa jina Bound in Black Stone, ndiyo yanayopimwa hapa.

Ugumu wa kumwandikia Conan ni kwamba hafi. Hadithi yake ya kwanza iliyochapishwa, ya Robert E. Howard aliyembuni, Desemba 1932, ilimwonyesha tayari ni mfalme wa Aquilonia, nchi ya kubuni. Msomaji anajua kijana huyu atafika kwenye kiti, kama Mnyamwezi anavyojua Mirambo wa utemi mdogo wa Uyowa ataishia kuifunga njia ya misafara mwaka 1871 akiwa na rugaruga, wapiganaji wake. Hofu haiwezi kukaa kwa shujaa. Lazima ikae kwa walio ubavuni mwake. Safari hii Zub ameliona hilo.

Conan, aliyepigana vita ya Venarium miaka kadhaa nyuma, anarudi Cimmeria, nchi alikozaliwa, akiwa amechoka kutangatanga. Kabla hajapumzika anafika Brissa, mpelelezi wa Wapikti, na habari ya jeshi la wafu linalotoka katika misitu ya kwao. Wapikti ni maadui wa jadi wa Wasimeria, watu wa Cimmeria, kwa hiyo onyo lenyewe linatia shaka kabla panga hazijachomolewa. Tangu hapo tunamhofia Brissa na wanakijiji, na kila pigo la Conan lina uzito kwa sababu kuna mtu nyuma yake wa kulindwa.

Michoro ya Rob De La Torre inafuata waziwazi mkono wa John Buscema, aliyeichora Conan ya Marvel kuanzia toleo la 25 baada ya Barry Windsor-Smith kuondoka. Wino ni mzito, mabega mapana, nywele zimeangukia uso. Rangi za José Villarrubia hazijazidishwa, na hilo ni jema, maana wino wa namna hii ukipakwa rangi za kung'aa unapoteza nguvu zake zote.

Kasoro zipo. Visanduku vya msimulizi ni vingi, kwa desturi iliyoanzishwa na Roy Thomas, mwandishi wa kwanza wa Conan pale Marvel, mwaka 1970, na mara nyingine vinarudia kile ambacho picha imekwisha kukisema. Toleo la 4 limebanwa: vita ya mwisho na siri ya jiwe jeusi vinagombania kurasa, na siri haimaliziki hapo. Inarudi katika matoleo 9 hadi 12.

Kiingereza cha kitabu ni kizito, cha kizamani kwa makusudi. Tazama kwanza picha za ukurasa mzima, kisha rudi usome maneno. Nusu ya maneno magumu yatajieleza yenyewe. Ukisoma kwenye simu, ilaze kwa upana, kwani picha zilizotanda kurasa mbili zikikatwa katikati hupoteza maana. Ongeza mwanga kwenye mapambano ya usiku, la sivyo wino wote unakuwa doa jeusi. Damu na miili ya uchi vimo, kwa hiyo si kitabu cha kumwachia mtoto sebuleni.

Anayetaka nakala ya karatasi Tabora ataagiza nje. Achukue juzuu moja badala ya matoleo manne mbalimbali: mzigo ni mmoja, na lina mgongo unaostahimili safari ndefu. Amwombe muuzaji aliweke katikati ya makadibodi mawili magumu, maana pembe ndizo zinazobonyea kwanza njiani.

Ukimaliza, usishtuke toleo la 5 likibadilika sura. Doug Braithwaite ndiye anayechora hadi la 8, Conan yumo katika majonzi ya kumpoteza Bêlit, mpenzi wake, na mwendo unapungua. De La Torre anarudi katika toleo la 9, na ngazi iliyoanza kwenye jiwe jeusi inaendelea kushuka hadi enzi za Kull, mfalme wa zama za kale zaidi katika hadithi za Howard.