Nimetoa Mazda Roadster nikachukua Suzuki Swift Sport, sasa hivi naenda mwezi wa nane nikiwa nayo

Roadster ilianza kunishinda siku mama anakuja kutoka Muheza. Nimeenda kumpokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, gari nimeiosha, paa nimefungua, mama anashuka kwenye basi ana begi, ana beseni limefungwa kanga, na kiroba kizima cha machungwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaizunguka ile gari mara moja akaniuliza, "Mwanangu, sasa mjukuu wangu mnamuweka wapi humu?" Nasra alikuwa ana miezi mitano. Beseni likaingia kwenye buti, begi mama akalipakata, na machungwa nikamlipa dereva wa bajaji anifuate nayo mpaka Goba. Njia nzima mama hakusema kitu kingine kuhusu gari, na mimi nilishapata jibu langu.

Niseme kwanza nilichokuwa nacho. Mazda Roadster ya 2007, ile shepu ya tatu wanayoiita NC, injini 2.0, manyuo (gia unapanga mwenyewe kwa mkono) gia 6, paa la kitambaa, farasi 170 kwenye gari ya kilo 1,100 hivi na nguvu inaenda tairi za nyuma. Nje ya Japani ndiyo hiyo hiyo MX-5. Nimekaa nayo miaka minne na nitaisifia mpaka kesho, sijaendesha gari nyingine ambayo unaona kama umeivaa. Mkono ukiwa kwenye gia, gia inaingia tiki, fupi, kama unafunga kitasa kipya. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Bagamoyo road ikiwa tupu, paa liko chini, unasikia adhana ya Tegeta kushoto na ya Boko mbele, upepo wa bahari una chumvi, huo ni utamu ambao sina namna ya kuueleza kwa mtu aliyezoea kupanda gari imefungwa vioo na AC.

Lakini maisha ya kila siku ni kitu kingine. Kwanza siti mbili maana yake ni siti mbili. Mtoto ukimuweka kwenye kiti chake pale mbele lazima eabegi (lile puto linalofumuka gari ikigonga) ya upande ule iwe imezimwa, na mama yake hana pa kukaa, kwa hiyo kila safari ya kliniki wife alikuwa anaita Bolt wakati gari ipo uani. Alikuwa ananiambia kwa upole tu, "Baba Nasra, hii gari ni yako, sio yetu," na alikuwa sahihi. Pili jua la Dar linalila lile paa la kitambaa, linakauka, linafanya mistari pale linapokunjwa. Tatu mvua, na hapa wenye Roadster nisikilizeni vizuri. Nyuma ya siti, kulia na kushoto, kuna vitundu vya kutolea maji yanayoshuka kutoka kwenye paa. Vikiziba, maji hayana pa kwenda yanaingia ndani. Mimi nilikuwa nalaza gari chini ya mwarobaini, vile vijani vidogo vya mwarobaini vikajaa humo, masika ikaanza, siku ya tatu nakanyaga kapeti nasikia chwa chwa chwa. Fundi wa kwanza akaniambia paa limekufa tafuta lingine, na paa la hiyo gari hulipati Kariakoo, unaagiza. Fundi wa pili, mzee mmoja hana maneno mengi, akachukua waya laini wa breki ya baiskeli akauingiza taratibu kule kwenye kitundu, likatoka tope jeusi kama kiganja, maji yakashuka chini ya gari puu. Kazi ya dakika 20. Kila baada ya wiki mbili safisha vitundu hivyo, tafadhali.

Spea za injini wala hazikunisumbua, ile injini ni ya familia moja na za Mazda Atenza na Axela kwa hiyo filta, plagi, sensa unapata. Shida ni bodi. Taa, bampa, fenda, kioo cha paa, hivyo vyote ni kuagiza na kusubiri, na mtu wa bodaboda akikukwangua Mwenge unaumia miezi miwili.

Basi nikaanza kutafuta. Nilitaka gari milango mitano, manyuo, nyepesi, isiyozidi bei ambayo Roadster ingeniletea na hela kidogo juu. Kuagiza Japani nilipiga hesabu nikaacha, maana gari ikivuka miaka 8 TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu na mimi gari ninazozitaka zote zimeshavuka huko, kwa hiyo bora ya kubadilishana hapa hapa ambayo tayari ina namba. Niliziangalia Golf GTI, nzuri sana na ina nguvu kuliko Roadster, ila nilizoziona zote ni DSG, gia zinajibadilisha zenyewe hakuna klachi ya kukanyaga, na nilitaka mguu wangu wa kushoto uendelee na kazi. Nikaangalia Vitz RS ya manyuo, inaaminika, ila kwangu mimi ilikuwa haisisimui ukishatoka kwenye Roadster. Halafu nikapanda Swift Sport ya jamaa mmoja Mbezi Beach, nikafika nayo Kawe nikageuza, nikamwambia wife nimepata.

Hii ni ya 2013, namba yake ya modeli ni ZC32S. Hiyo namba ishikeni maana Swift zipo nyingi barabarani na nyingi ni zile za kawaida za 1.2, wapo wanaozipachika stika ya Sport na mafla kubwa na kuziuza kama Sport. Sport yenyewe ina injini M16A ya 1.6, farasi 136, manyuo yake ni gia 6, breki za nyuma ni disiki, mafla mbili moja kila upande kwenye bampa. Ipo pia ya CVT, yaani otomatiki, hiyo kama foleni ndio maisha yako sawa, ila ukitoka kwenye Roadster usiichukue utajuta. Uzito kilo 1,050, yaani ni nyepesi kuliko hata Roadster niliyotoka nayo, na hapo ndipo palipo na siri yote ya hii gari. Watu wanaangalia farasi wanasema umeshuka kutoka 170 mpaka 136, kweli nimeshuka na kwenye barabara iliyonyooka Roadster inaiacha, lakini gari nyepesi inakata kona haraka, inashika breki haraka, haikuchoshi.

Yadi nilizopita na Roadster walikuwa wananipa bei ya kuonea, wanasema siti mbili hazina mteja. Dalali mmoja akataka asilimia kwa pande zote mbili. Mwishoni nikabadilishana na dogo mmoja ana Swift, hana familia, alikuwa anaiota Roadster tangu sekondari, mimi nikaongeza milioni 3 na nusu. Tulipeleka gari zote mbili kwa fundi mmoja zikapanda juu, tukaandikiana mkataba kwa wakili, tukaenda TRA kubadili majina kwenye kadi siku ile ile. Msiachiane gari kabla ya jina kubadilika, hata kama ni mtoto wa shangazi yako, gari ikiua mtu au ikidaiwa faini unatafutwa wewe.

Sasa uendeshaji. Wiki ya kwanza niliumia, nisiwafiche. Usukani wa Swift ni mwepesi na unajibu vizuri, ila ule wa Roadster ulikuwa unaniambia tairi la mbele limekanyaga nini, huu unaniambia nusu. Kwenye Roadster ukitoka kwenye kona ukakanyaga mafuta unasikia mgongo wa gari unakusukuma kutoka kiunoni, kwenye Swift mbele ndio kunavuta, lazima ujifunze upya kusubiri kidogo ndio ukanyage. Ilinichukua kama mwezi. Nilipozoea nikaanza kuona raha yake, hii injini chini ya 4,000 imetulia kama gari ya mwalimu, unapita nayo kwenye foleni ya Makongo huku mtoto amelala, ukiivusha 4,000 inabadilika sauti, inaanza kuita, na inaenda inaita mpaka karibu 7,000. Gia ya tatu ndio nyumbani kwake. Kile kilima cha kutoka Goba ukirudi mjini, gia ya tatu, kioo kimeshuka nusu, unacheka peke yako kwa spidi ya 50 ambayo hata trafiki mwenye tochi hana neno na wewe. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa kukipoteza na hakijapotea.

Nyumba inaipenda. Kiti cha Nasra kinafungwa nyuma, mama yake anakaa pembeni yake au mbele, mlango wa nyuma unafunguka vizuri huinami kama unachimba kisima. AC inagandisha. Mafuta, Roadster kwenye foleni ilikuwa inanipa kilomita 8 mpaka 9 kwa lita, hii inanipa 11 na kitu, safari ndefu imegusa 16, napima mwenyewe kwa kujaza tanki. Zote mbili kwao Japani zinatumia petroli ya premiamu, kwa hiyo na hapa usijaze kwenye vituo vya uchochoroni. Spea ndio nimepumua, M16A ni injini mafundi wanaijua kutoka kwenye Suzuki Escudo ya 1.6, ni ya cheni sio mkanda, na fundi wangu hakuitolea macho hata siku moja.

Ubaya wake sasa. Ni ngumu. Ilikuja na rimu 17 na tairi 195/45, tairi nyembamba kama kandambili, na shokapu za Monroe zimekazwa, kila tuta la mtaani unalisikia kwenye meno. Na msidhani imenyanyuka juu kuliko Roadster, iko chini vile vile, tuta la mchanga la kwetu Goba ndani ndani inagusa nikibeba watu wanne, hapo napita mshazari. Nilitafuta rimu 16 za Swift Sport ya shepu iliyotangulia hii na tairi 195/50 zenye ubavu mnene zaidi, ikapoa sana, nakushauri hili liwe jambo la kwanza. Buti ni dogo kwa gari ya familia, gari ya mtoto ya kusukuma ikiingia hakuna tena nafasi ya maana mpaka ulaze siti. Yangu haikuja na tairi ya akiba, kuna kimashine cha upepo na chupa ya dawa, na kwa safari za mikoani hicho hakitoshi, nikanunua tairi nikaliweka, buti likapungua tena. Kwenye barabara kuu ina kelele za tairi, ukipita 90 mnaongea kwa sauti. Na klachi ya yangu dogo alikuwa ameila, nimebadilisha mwezi wa tatu, kwa hiyo ukienda kukagua panda kilima gia ya nne ukanyage, mzunguko ukipanda na gari haiendi ujue bei lazima ishuke.

Desemba nikasema nimrudishe mama Muheza mwenyewe. Tukalaza siti moja ya nyuma, ikaingia cherehani yake ya Singer kichwa na meza yake imefunguliwa miguu, mabegi mawili, mama mbele, wife na Nasra nyuma upande uliobaki. Chalinze tukanywa chai, Segera tukakata kulia, saa nane mchana tupo Muheza. Wife na Nasra wakabaki kwa bibi, kesho yake asubuhi nikatoka peke yangu nikarudi Segera, Korogwe, Mombo, nikapanda Lushoto.

Wale mnaoijua ile barabara mnajua. Kutoka Mombo mpaka juu ni kilomita 30 na kitu, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, kona juu ya kona mpaka Soni, na mabasi yanashuka kwa honi kabla hujayaona. Nilikuwa nimeipanda na Roadster mwaka juzi nikiwa na rafiki yangu, paa wazi, na hiyo siku siisahau. Safari hii na Swift nilikwenda taratibu kwenye kona za kipofu, napiga honi, gia ya pili, ya tatu, ya pili, gari inakaa palepale unapoielekeza, haiyumbi, haiguni. Nilichokikosa ni anga. Kwenye Roadster ukiinua macho unaona miti ya juu ya mwamba inapita, unasikia maji ya Soni kabla hujayaona. Kwenye Swift ilibidi nisimame pale kwa akina mama wanaouza plamsi na mapeasi, nizime injini, nishuke, ndio niyasikie. Nikanunua matenga mawili, moja la mama moja la nyumbani, nikayapanga pale ilipokuwa cherehani, nikaanza kushuka.