Mota ya tramu ya mfano: ipi ununue ukiwa Dodoma

Kwa anayeunda tramu ya umeme ya mfano kwa kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko tramu halisi, mota hununuliwa kabla ya kukata hata kipande kimoja cha mwili, kwa kuwa ndiyo inayoamua nafasi itakayobaki ndani. Wanunuzi wengi huulizia nguvu, ilhali cha kuulizia ni mwendo wa taratibu. Tramu halisi ikienda kilomita 30 kwa saa, mfano wake hupaswa kwenda takriban milimita 96 kwa sekunde, na kwa gurudumu lenye kipenyo cha milimita 8 hiyo ni mizunguko kama 230 tu kwa dakika.

Kwa hesabu hiyo, nafasi ya kwanza naipa mota ndogo iitwayo N20, yenye giaboksi yake, yaani gia za kupunguza mwendo. Upana wake ni milimita 12 na kimo chake 10, hivyo hulala chini ya sakafu bila kuonekana madirishani. Chagua ya volti 6 yenye mizunguko kati ya 200 na 300 kwa dakika. Kabla ya kulipa, iunganishe na betri moja ya volti 1.5: iliyo nzima huanza kuzunguka yenyewe, polepole na bila kushtuka, na inayosubiri kusukumwa iache hapo hapo dukani. Usijaribu kuzungusha shafti kwa koleo, maana meno ya gia ni membamba na hukatika. Kasoro yake ni kwamba gia hizo ziko wazi, na vumbi la Dodoma la kiangazi hunata kwenye grisi, kwa hiyo tenga pia kipande cha plastiki laini cha kuzifunika. Ukihitaji mbili kwa bogi zote mbili, yaani fremu zinazobeba magurudumu ya mbele na ya nyuma, zichukue za uwiano mmoja wa gia, la sivyo moja itaiburuta nyingine.

Ya pili ni mota inayotoa sinia la diski katika deki mbovu ya DVD. Mwombe fundi akutolee pamoja na puli na mkanda wake wa mpira, kwa sababu bila hivyo utalazimika kutafuta njia nyingine ya kupunguza mwendo. Ile inayozungusha diski, ikiwa na nyaya zaidi ya mbili, iache, kwani haiendeshwi na betri moja kwa moja.

Ya tatu ni mota ya 130 ya magari ya kuchezea, ambayo ni rahisi lakini ina kipenyo cha milimita 20 ndani ya mwili wa tramu wenye upana wa 25 hivi, na huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Inafaa kwa tramu za kipimo kikubwa zaidi. Mota ya mtetemo wa simu usiinunue kwa kazi hii.