Huduma ya kukagua mabadiliko ya nje ya majengo ya kale
Niliomba kibali cha kubadilisha madirisha ya mbele na kupiga lipu upya nyumba yetu, iliyomo katika eneo la hifadhi ya kihistoria, na kamati ikanirudishia maombi mara mbili kwa sababu michoro haikuonyesha vipimo, jambo ambalo karani wa mapokezi angeweza kulisema siku ya kwanza. Ukaguzi wenyewe, hata hivyo, ulikuwa makini: mkaguzi aligonga lipu kwa kifundo cha kidole, akasikia pameachana na mawe, akaeleza kwamba saruji hufungia unyevu ndani ilhali chokaa huuacha ukuta upumue. Fremu za alumini zilikataliwa. Za mbao, zilizooza upande wa chini tu, tuliruhusiwa kuziunga. Ya ndani hawakuyauliza, kwani hayaonekani barabarani.