Mahameli ya pamba, mita moja: nyota nne
Nimeinunua Kariakoo, nyeusi. Muuzaji akauliza, "Dada, ni gauni la sendofu?" Nikamwambia ni ya bakteria. Akacheka hadi akanipunguzia elfu mbili.

Kazi yangu ni kuandaa mazoezi ya maabara kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, na hili la mahameli ni la mwanasayansi wa bakteria Esther Lederberg, mzaliwa wa Bronx, New York, 1922. Kabla yake, kuhamisha koloni mia, yaani vishada vya bakteria vinavyoota kwenye sahani ya maabara, kwenda sahani nyingine kulimaanisha kuchokoa moja moja. Yeye alianza kujaribu kwa kisponji chake cha poda ya uso, kisha akaenda mwenyewe kuchagua kitambaa dukani. Mwaka 1952 mbinu ikachapishwa, yeye na mumewe Joshua. Unakandamiza sahani mama, ile ya kwanza yenye koloni, juu ya mahameli, vinyweleo vinabeba bakteria, halafu unagusisha sahani mpya yenye streptomaisini, dawa ya kuua bakteria. Koloni zinazoota zinakuonyesha ndugu zao walikokaa kwenye sahani mama, ambako dawa haijawahi kufika. Yaani usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikuwepo kabla ya dawa.

Sasa kitambaa. Mara ya kwanza niliagiza mtandaoni kile cha kuvutika. Hasara tupu! Kilinyumbuka, koloni zikaburuzika, ramani nzima ikavurugika. Hiki cha pamba kimetulia. Nilikikata vipande vya sentimita 15, nikavifunga kwenye karatasi ya alumini, nikaviua vijidudu kwa otoklevu (mashine ya mvuke) nyuzi 121 kwa dakika 15, vikatoka vizima. Alama zilitoka safi hadi sahani ya tano. Ya sita ilikuwa hafifu.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya rangi. Maji ya kufulia yalikuwa wino mtupu mara tatu, na usipokifua hujui rangi hiyo inawafanya nini bakteria.

Wanafunzi wakisikia "Lederberg" wanamfikiria mwanaume. Nobeli ya 1958 alipewa Joshua, pamoja na Beadle na Tatum. Esther, ambaye ndiye aliyegundua faji lambda, kirusi kinachoshambulia bakteria, hakuwemo. Baadaye alisimamia kituo cha kumbukumbu za plasmidi, vipete vidogo vya DNA vya bakteria, pale Chuo Kikuu cha Stanford hadi 1986. Siku ya zoezi mimi huandika jina lake lote ubaoni, kwa chaki nene.

Ukienda kununua, omba nyeupe, na kivute kwa mikono miwili kabla hujalipa. Kikinyumbuka, waachie wenye magauni.